Maji ya Muhogo

Mwaka jana tulikutana tena Mtwara, sisi tuliosoma chuo cha ualimu enzi za ujamaa, na kabla sijakaa vizuri kwenye kiti Skolastika aliniona nikifuta kijiko kwa leso yangu. Akawageukia wenzetu: "Jamani, huyu bado hajapona." Meza nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, nikaendelea kufuta. Skolastika siku hizi anatembea kwa mkongojo, yeye aliyekuwa na mbio kuliko wasichana wote wa chuo, lakini macho yake ni yaleyale ya kumchokoza mtu. "Mwambieni awasimulie habari za Filomena," alisema. Sikusimulia. Palikuwa na muziki, wali ulikuwa unapoa, na mimi siwezi kusimulia jambo nusunusu. Nikianza lazima nianzie linapoanzia, nisiruke kitu, na watu wenye njaa hawana subira hiyo. Nilirudi nyumbani nikakaa mezani na karatasi. Nimeshachana kurasa nyingi za mwanzo. Hii nimeamua nisiichane.

Ya nyumbani kwetu nayaacha, hayana nafasi hapa. Inatosha kusema kwamba nilifika chuoni nikiitwa Chiku, nikiwa sijabatizwa, na kwamba dini nilikuwa nimejifundisha mwenyewe. Katekisimu yangu niliipata kwa mama mmoja muuza maandazi aliyekuwa akichana kurasa zake kufungia wateja. Nilimwomba aniuzie iliyobaki. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimekwisha kwenda na maandazi, kwa hiyo mimi niliianza dini ya Kikatoliki katikati, penye sakramenti, na kwa muda mrefu sikujua swali la kwanza kabisa linauliza nini. Yaliyobaki niliyakariri yote. Nilijua vitu vinavyotakiwa ili sakramenti iwe halali, nilijua dhambi gani ni kubwa na ipi ndogo, na hapo kwenye kupima dhambi ndipo nilipougua. Nilikuwa msichana wa kuamka na kujiuliza kama jana nilimjibu mtu kwa kiburi, kisha nikamfuata kumwomba radhi, kisha nikaanza kuogopa kwamba kuomba radhi kwenyewe nilikufanya ili nionekane mwema. Wenzangu walinichoka. Skolastika, tuliyelala vitanda vya jirani, alikuwa akisema, "Chiku, nimekusamehe mpaka wiki ijayo. Sasa niache nisuke nywele."

Hata hivyo nilikuwa na furaha, na hilo napenda lieleweke, maana watu wakisikia habari za hofu hudhani maisha yote yalikuwa giza. Tulikimbia mchakamchaka asubuhi tukiimba, tuliitana ndugu, tulikuwa na zamu ya jiko na zamu ya shamba la muhogo la chuo, na niliamini kabisa kwamba kila herufi nitakayomfundisha mtu mzima kuandika itaisogeza nchi mbele. Bado naamini, ingawa sasa nasema kwa sauti ndogo zaidi. Jumamosi jioni, sisi Wakatoliki na tuliokuwa tunataka kuwa, tulishuka kwa miguu mpaka mtaa wa Magomeni, hapohapo Mtwara, kwenye chumba kilichokuwa nyuma ya kanisa dogo. Kilikuwa na kuta za chokaa iliyoanza kubanduka, mabenchi yasiyo na migongo, meza iliyotandikwa plastiki yenye picha za mananasi, na baiskeli ya Padre imeegemezwa kwenye kabati la mavazi ya misa. Jiko la mkaa lilikaa nje ya mlango. Hapo Padre Gaudensi alikaanga kahawa mbichi aliyotumiwa kutoka kwao, na moshi wake ukaingia mpaka kwenye mashuka ya altare, hata nikawa nadhani harufu ya ibada ni harufu ya kahawa.

Padre Gaudensi alikuwa Mmatengo wa milima ya baridi ya Mbinga, mfupi, mwenye mashati ya mikono mifupi na kandambili, na alikuwa akisema ametumwa umisionari mbali kuliko Ulaya, maana Ulaya angalau kuna baridi. Muhogo hakuuzoea. Alikula ugali wake kwa uso wa mtu anayetimiza nadhiri. Majirani wa kanisa karibu wote walikuwa Waislamu, nao walimpenda, wakamletea ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, naye akaila mbele yao mpaka ikaisha kisha akaomba chai. Hakutumwa kwao. Alitumwa kwetu, wanafunzi wa chuo, wengi wetu tumetoka mikoa mingine, vijana ambao mwaka mmoja baadaye tungetawanywa vijijini kila mtu na chaki yake. Alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuuvunja kamwe: katika kikao chetu hakuna aliyeruhusiwa kumtaja Mungu kabla ya kila mtu kueleza alichokiona wiki hiyo. Si alichosoma, si alichosikia mahubirini. Alichokiona.

"Nimeona mwenye duka wa kule Chuno ameficha sukari chini ya kaunta," kijana mmoja alisema siku moja.

"Ameifichia nani?"

"Rafiki zake, Padre."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Mimi… mimi ni mmoja wa hao rafiki, Padre."

Tukacheka mpaka jirani akachungulia dirishani. Padre hakumkemea. Aliuliza tu kama hiyo sukari ingeweza kuonekana kwenye kahawa yetu Jumamosi ijayo, kisha tukazungumza kwa muda mrefu, kwa uzito, juu ya foleni na wanaosimama mwisho wa foleni. Zamu yangu ilipofika nilisema jambo zuri lenye mwanzo na mwisho, juu ya mzee na mzigo wa kuni. Padre akanitazama juu ya kikombe. "Chiku, hiki umekiona, au umekitunga bwenini ukakikariri?" Nilikuwa nimekiona. Lakini pia nilikuwa nimekitunga.

Nilitakiwa nibatizwe Krismasi. Nilimwomba Padre aniahirishie kwa sababu nilikuwa nimemwonea wivu Skolastika kwa viatu vyake. Nilitakiwa nibatizwe Pasaka. Nikaomba tena, kwa sababu ubatizo unafuta dhambi zote mara moja tu, na niliona ni upotevu kuutumia kabla sijajifunza kutotenda nyingine. Niliyaeleza hayo kwa hoja zilizopangwa vizuri. Jioni ile nilikuwa nikiosha vikombe nje, na kupitia dirishani nikamsikia katekista wa Magomeni akisema, "Yule binti anajua dini kunishinda mimi, Padre." Padre akajibu, "Anajua. Amesimama mlangoni anatusomea kanuni za kuingia." Niliviosha vile vikombe upya. Wiki iliyofuata Padre aliniambia bila kuzunguka kwamba iliyobaki ni Pentekoste. Baada ya hapo mitihani, kisha tunapangiwa shule, na mimi ningeweza kupelekwa kijiji ambacho padre hupita mara moja kwa mwaka au hapiti kabisa. "Sikulazimishi," alisema. "Lakini ukiondoka hapa hujaingia, naona hutaingia. Utapata sababu nzuri zaidi kila mwaka. Wewe una akili." Nililala na maneno hayo kama mtu aliyelala na jiwe chini ya godoro.

Kipindi hicho wanafunzi tulikuwa tukipelekwa kufundisha kisomo cha watu wazima, na Padre alikuwa akienda upande wa bonde la Ruvuma kwa kazi zake, basi akatuchukua mimi na Skolastika kwenye landrova ya parokia. Tulipita Mpapura, tukaingia njia za mchanga kati ya mikorosho, mpaka kijiji kilichokuwa ukingoni mwa bonde, ambapo ukisimama unaona mto umemwagika kwenye mikoko na huwezi kusema wapi ni mto na wapi ni bahari. Upande wa pili kulikuwa na vita vya kumwondoa Mreno. Wanakijiji wengi walikuwa Wamakonde waliovuka kukimbia mabomu, Wakatoliki tangu kwa babu zao, na walikuwa wamejenga banda la makuti ambalo siku za kazi lilikuwa darasa na Jumapili lilikuwa kanisa. Nilipewa darasa la akina mama. Kitabu cha serikali kilieleza kilimo bora cha pamba. Mwanamke mmoja kijana, mwenye chale nzuri shavuni na mtoto mgongoni, aliinua mkono siku ya kwanza tu.

"Mwalimu, pamba hapa nani analima?"

"Hakuna, mama. Ni mfano tu."

"Basi tupe mfano tunaoujua. Tuandikie Baba Yetu."

Huyo ndiye Filomena. Nikawaandikia Baba Yetu ubaoni kwa herufi ambazo hadi leo najivunia, na kwa kuwa sala waliijua kwa moyo, macho yao yaliyafuata maneno kama watu wanaotambua ndugu zao njiani. Wakaomba Salamu Maria. Wakaomba amri kumi. Wakaniuliza maswali ya dini nami nikayajibu bila kusita, na haikumjia mtu yeyote pale kuuliza kama mwalimu mwenyewe amebatizwa. Ungemuuliza fundi cherehani kama ana nguo? Wala mimi sikusema. Baada ya somo walitupa muhogo wa kuchoma na samaki wa mtoni, na Filomena akatutania kwamba sisi watu wa chuo tunakula kama tunaosahihisha mitihani.

Jumamosi moja baada ya Pasaka, mvua za mwisho zikiwa bado zinanyesha, Filomena alikuja darasani na mtoto wake wa kike, aliyekuwa bado hajabatizwa, amechemka kwa homa. Padre na katekista wa kijiji walikuwa wamekwenda kwa miguu kumpa mpako wa wagonjwa mama mmoja kwenye vibanda vya mashambani, na ufunguo wa landrova ulikuwa mfukoni mwa Padre. Tulimlaza mtoto kwenye mkeka nyumbani kwa Filomena, hatua chache kutoka bandani, tukawa tunampangusa kwa kitambaa cha maji. Ghafla alikaza mgongo. Macho yakapinduka, mikono ikaanza kurukaruka. "Degedege," alisema jirani aliyekuwa mlangoni, na wanawake wakaanza kulia. Skolastika alivua viatu vyake, vilevile nilivyovionea wivu. "Wewe kaa naye," aliniambia. "Mwenye mbio ni mimi." Nikaona kisigino chake kikipotea kati ya mikorosho.

Filomena hakulia. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akanibana.

"Mwalimu, mbatize."

"Padre anakuja, Filomena. Skola amemfuata."

"Mtazame. Huyu atamngoja Padre?"

Nilimtazama. Midomo ilikuwa imeanza kuwa ya rangi ya majivu. "Wewe mwenyewe unaweza," nilisema. "Mtu yeyote anaweza, wakati wa hatari."

"Naijua hiyo, umetufundisha wewe. Tazama mikono yangu." Ilikuwa ikitetemeka kama ya mtoto mwenyewe. "Maneno unayo wewe. Haraka."

Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa na kila kitu kilichoandikwa juu ya jambo lile: nani anaweza, lini, kwa nia gani, kwa maji gani. Nikasema, "Nipeni maji," na jirani akainamisha mtungi ukatoa tone, kwa maana maji yote tulikuwa tumempangusia. Kisima kilikuwa chini bondeni. Jirani akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na kata imejaa, na nilipoipokea nikaona maji ni meupe, yana povu pembezoni, na yananuka uchachu. Alikuwa ameyachota kwenye chungu cha muhogo uliolowekwa. Nilisimama na ile kata. Sijui nilisimama kiasi gani. Kwangu mimi ni muda mrefu kuliko mwaka mzima ninaousimulia. Katekisimu ilisema maji safi ya asili. Kama si halali, basi nitakuwa nimemfanyia mchezo mtoto anayekufa. Na nisipofanya, atakufa nikiwa natafuta maji mazuri zaidi.

"Jina la ubatizo?" niliuliza.

"Lolote! Lililo zuri!"

Jina zuri nililokuwa nalo lilikuwa moja. Nilikuwa nimelitafuta karibu mwaka mzima katika orodha ya watakatifu, nikalitunza kwa ajili yangu, hata Skolastika sikumwambia. Nikapiga magoti. "Monika," nilisema, "ninakubatiza kwa jina la Baba," nikamwagia paji la uso, "na la Mwana," nikamwagia, "na la Roho Mtakatifu." Kipande kidogo cha muhogo kilibaki kwenye nyusi zake. Filomena akakitoa kwa kidole, polepole, kama mtu anayemtengeneza mtoto kabla ya kwenda kwa wageni. Kisha mtoto alilegea. Nilidhani amekufa. Wote tulidhani hivyo. Halafu akalia, kilio kidogo chenye hasira, na nikawasikia wanawake wakivuta pumzi kwa pamoja. Sisemi ulikuwa muujiza. Degedege huachia lenyewe. Nimeliona mara nyingi tangu hapo, shuleni. Nasema tu nilichokiona.

Padre alifika anahema, matope hadi magotini, Skolastika nyuma yake hana viatu. Hakuuliza kitu. Alituingiza garini, akaendesha zile njia za mchanga kama mwizi, na tukiwa karibu na Mpapura ndipo Skolastika, aliyekaa mbele, alipogeuka akanitazama nilivyolowana. Filomena akasema kwa sauti ya kushinda injini, "Mwalimu amembatiza!" Padre alinitazama kwenye kioo. "Anaitwa nani?" "Monika," nilisema. "Jina zuri," akasema, akabadilisha gia. Mtoto alilazwa hospitali mjini, akachomwa sindano za malaria, na siku chache baadaye alikuwa ananyonya kama kawaida. Mimi ndiye niliyebaki mgonjwa. Kila nilipofumba macho niliona lile povu.

Jumapili baada ya misa nilimfuata Padre kwenye chumba cha nyuma. Alikuwa anasaga kahawa.

"Padre, inabidi umbatize tena Monika kwa sharti. Useme, kama hujabatizwa."

"Kwa nini? Si amebatizwa?"

"Maji yalikuwa ya muhogo. Yamelowekewa muhogo."

Aliacha kusaga. Hakucheka, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. "Yalikuwa mazito?"

"Meupe."

"Kama uji?"

"Hapana. Kama yaliyooshewa mchele."

"Yule mama aliyeyaleta, ulimwomba alete nini?"

"Maji."

"Akaleta, akasema ameleta nini?"

"Akasema, maji haya hapa."

"Basi na mimi askofu akiniuliza nitamwambia maji. Harudiwi. Mafuta na kitambaa cheupe tutamalizia hapa kanisani, maana hayo hakuyapata. Ubatizo anao."

"Lakini Padre, na mimi mwenyewe sijabatizwa."

"Jibu la hilo liko kwenye zile kurasa ulizobakiza. Lisome."

Nililisema nikiwa nimesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi: katika hatari ya kufa mtu yeyote aweza kubatiza, hata asiye Mkristo, mradi akusudie linalokusudiwa na Kanisa. "Na wewe ulikusudia nini?" Nilitaka jibu liwe kamili. "Nilikusudia asiende peke yake," nilisema. Padre alimimina maji ya moto juu ya kahawa, akanisogezea kikombe. "Monika amepokewa kwa maji ya muhogo," alisema, "kwa mkono wa mwalimu aliyejaa hofu. Amepokewa kabisa, hakubaki mguu mmoja nje. Wewe, Chiku, unangoja maji gani?"

Nilitoka nimekasirika. Nimeishi na watu wengi tangu hapo, nimefundisha, nimeolewa, nimezika, na nimegundua kwamba hasira ya aina ile humjia mtu pale anapoulizwa swali ambalo amejizoeza kuulizwa kwa namna nyingine. Nilikuwa tayari kutetea kutostahili kwangu. Sikuwa tayari kwa habari kwamba halikuwa jambo la kustahili. Njia nzima ya kurudi chuoni Skolastika alikuwa akinisemesha nami simjibu, mpaka akasema, "Haya, ukimaliza ugomvi na Padre niambie, maana leo zamu ya kuni ni yetu."

Tuliporudi kijijini niliona siwezi kusimama ubaoni kabla sijasema. Akina mama walikuwa wamekaa, Filomena mbele na Monika kwenye ziwa. Nikawaambia: mimi sijabatizwa bado. Niko mafundishoni. Mama mmoja mzee, mwenye ndonya ya mti kwenye mdomo wa juu, akamuuliza jirani yake kwa Kimakonde nimesema nini, akaelezwa, akapiga kofi pajani. Filomena akaanza kucheka, akacheka mpaka mtoto akaachia ziwa.

"Kwa hiyo umemfungulia mwanangu mlango, halafu wewe ukabaki uani?"

"Nilikuwa nasubiri niwe tayari."

"Monika alikuwa tayari? Alikuwa na kinyesi mpaka mgongoni!"

Banda zima likaangua kicheko, na mimi pia, ingawa masikio yaliniwaka. Kilipoisha Filomena hakuwa anacheka tena. "Lini hiyo siku wanayobatiza?" aliuliza. Nikamwambia Pentekoste. "Na nani anakusimamia?" Nikasema Skolastika. Akamgeukia Skolastika, aliyekuwa kwenye kona akichonga penseli. "Dada, nipishe. Huyu ameniwekea deni ambalo sina pengine pa kulilipia." Skolastika akaweka penseli chini. "Yaani mimi nimekimbia peku kwenye miiba, halafu wewe ndiye unayesimama mbele?" Filomena akasema, "Wewe utapika." "Nitapika pilau mpaka mlie," Skolastika alijibu, na najua aliumia kidogo, kwa sababu alikuwa amengoja tangu Krismasi, na najua pia hakulikumbusha tena jambo hilo isipokuwa kwa mzaha. Sikuwa nimesema ndiyo. Hakuna aliyeniuliza. Walikwisha kuanza kupanga nani atapanda landrova na nani atabaki na mbuzi.

Wiki zile za kungoja sikulala vizuri, lakini haikuwa hofu yangu ya zamani. Ilikuwa zaidi kama ya mtu mwenye safari. Mara mbili nilitunga hoja ya kuahirisha, nikaenda nayo mpaka mlangoni kwa Padre, na mara zote mbili nilimkuta anakula ugali wa muhogo kwa uso wake wa nadhiri, nikashindwa kusema. Sherehe ya asubuhi ile ya Pentekoste naikumbuka kwa makosa yake. Gauni langu jeupe nililishona mwenyewe, na bega moja lilikuwa juu kuliko jingine. Niliona nilipokuwa tayari nimesimama mbele ya watu. Filomena alikuja na kanga mpya na viatu vya kuazima vilivyompwaya, akaniwekea mkono begani, lile bega bovu. Monika alipakwa mafuta yake akalia kwa sauti ambayo ilizima kwaya. Halafu Padre akaniuliza jina ninaloomba, na hapo ndipo nilipotambua kwamba katika maandalizi yote, maswali yote na majibu yote, hilo nilikuwa sijalijibu. Jina langu nilikuwa nimelitoa. Nikageuka, nikamtazama Monika.

"Sema lilelile," Filomena alininong'oneza. "Halijaisha."

"Monika," nilisema.

Padre akauliza kama namkataa Shetani, nami nikajibu "Namkataa" kabla hajamaliza kuuliza, watu wakacheka kwa adabu, na nikaona sina haja ya kuomba turudie. Akaniinamisha. Maji yalikuwa safi, ya bomba, yakaingia sikioni, na kwa misa yote nilisikia upande mmoja tu.

Watu wale walivuka kurudi kwao Mreno alipoondoka. Sijui Filomena alifika wapi, wala Monika ameolewa na nani. Kwa miaka mingi nilidhani nitateseka kwa kutojua, kama ninavyoteseka kwa mambo madogo kuliko hilo, na sijateseka. Siku ile, baada ya misa, nilikaa peke yangu kidogo kwenye benchi la mwisho. Nilikuwa nimejiandalia sala ya shukrani, ndefu, iliyopangwa vizuri, niliyokuwa nimeirekebisha wiki nzima. Nikaingoja ije. Nikangoja pia machozi, maana nilisoma mahali kwamba watu hulia. Nje wanawake walikuwa wakipiga vigelegele na harufu ya pilau la Skolastika ilikuwa ikiingia dirishani. Filomena alikuja na Monika mgongoni, amevua vile viatu amevishika mkononi, akasimama mbele yangu. Alikuwa amenizidi miaka michache tu.

"Unasikiaje?" aliuliza.

Nilijichunguza kama nilivyozoea, kona kwa kona, nikitafuta kilichokosekana.

"Nina njaa," nilisema.

"Basi twende ukale, mwanangu."